Maneno ya Baraza Mbili

Asubuhi ile Muhidini alichukua kikombe cha chai, akakiweka juu ya ubao ambao Kasian alikuwa akiupiga randa, akamwambia, "Kunywa, Mhehe. Hicho ndicho chako cha mwisho. Sanda nimekwisha kukata."

Mzee Ezekia, mzee wa kanisa aliyekuja kuchukua koti lake, alikuwa amesimama pale pale barazani. Aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mwenyewe. Akatupa jicho kwenye cherehani ya Muhidini, akaona bafta nyeupe imekwisha kukatwa, urefu wa mtu mzima. Akamwona Kasian anacheka, anakinyanyua kikombe, anakunywa mpaka chini. Ezekia alichukua koti lake akaenda zake, lakini moyo wake haukutulia.

Wawili hao, fundi cherehani na fundi seremala, walikuwa wakitumia baraza moja mbele ya duka la vitambaa mjini Mbeya. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, wakati wa masika, ukungu umeufunika mlima Loleza hata saa nne. Kabla ya adhuhuri Kasian akashika tumbo. Akapiga magoti kwenye maranda, akalala ubavu, akaanza kuguna. Muhidini alimtazama juu ya miwani yake, na mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

"Kufa upesi basi," akasema, "nina kazi." Na akacheka.

Kwa nini asicheke? Kasian alikuwa na mchezo huo. Siku za nyuma alijilaza vivyo hivyo, ulimi nje, mpaka Muhidini alipomwinamia kwa hofu, naye akamnyang'anya kofia na kukimbia nayo hadi sokoni. Lakini watu waliokuwa wakipita njiani hawakuwa na habari ya kofia. Waliona mtu anagaagaa chini, na mwenzake amekaa kitini anacheka.

Kasian alipotapika, na macho yake yakageuka weupe mtupu, ndipo Muhidini aliporuka na kuangusha kiti. Alimbeba mgongoni yeye mwenyewe mpaka hospitali, huku analia njia nzima. Waliomwona akilia wakaambiana, "Tazama, anajitia kulia."

Mzee Ezekia alipeleka polisi aliyoyasikia, na jioni askari walikwenda Ilomba, mtaani kwa Muhidini, wakamkuta anatawadha, wakamchukua.

Mke wake, Mwanakhamisi, alibaki mlangoni na binti yao mchanga, Jaha, mgongoni. Aliwauliza askari kosa la mumewe ni nini. Mmoja akamjibu, "Chai yako, mama. Si wewe uliyeipika?"

Daktari alimpasua Kasian usiku uleule. Alikuta utumbo umejipinda, akaunyoosha, akakata palipooza, akashona. Sumu hakuiona, na aliwaambia polisi hivyo. Lakini homa ilimpanda mgonjwa, akawa hajui mchana wala usiku, wala aliyesimama mbele yake. Na mtaani watu walikuwa wamekwisha kata shauri lao. Kama si sumu ya kikombe, walisema, basi ni sumu ya ulimi. Mtu anamtajia mwenzake sanda asubuhi, na adhuhuri utumbo unajipinda wenyewe? Wazee wa mtaa wakapeleka mashitaka, na Muhidini akawekwa ndani kungoja baraza la mji.

Mwanakhamisi alizaliwa Mbeya hapo hapo, wazazi wake watu wa Kilwa. Alikuwa akipika vitumbua na kuviuza njia panda kila asubuhi, na kwa kawaida sinia lilikuwa likirudi tupu kabla jua halijawa kali. Sasa lilirudi kama lilivyotoka. Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana! Walikuwa wakimwambia, "Ahsante, mama Jaha, leo tumeshiba."

Siku moja alimpelekea jirani yake, Mama Asukile, bakuli la vitumbua, kama alivyozoea kufanya. Waliwahi kuazimana chumvi na moto, na kunyonyesheana watoto. Mama Asukile alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akapiga goti kwa adabu ya Kinyakyusa, akashukuru, "Ndaga." Kabla jua halijachwa bakuli lilirudi, vitumbua vile vile ndani yake, vimefunikwa kwa kitambaa safi.

"Samahani, mama Jaha. Watoto wangu matumbo yao madogo."

Na bombani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Zamani wanawake walikuwa wakisukumana na kugombea zamu, maji yakimwagika, ndoo zikigongana. Siku hizo, akitokea tu, wote walirudi nyuma. "Tangulia, mama Jaha," walisema. "Karibu, tangulia." Alijaza ndoo yake peke yake katikati ya uwanja, maji yanatoka polepole, na watu wote kimya. Hakuwahi kuheshimiwa hivyo maishani mwake.

Siku ya baraza chumba kilijaa mpaka madirishani. Mzee Ezekia alisimama, akaapa, akasema aliyoyaona na aliyoyasikia. Hakuongeza neno. Watu wawili wengine wakasema juu ya kicheko. Hakimu, mtu mzima mwenye mvi na sauti ya chini, akamgeukia Muhidini.

"Ulisema maneno haya?"

"Niliyasema, bwana hakimu."

"Bafta nyeupe?"

"Kanzu ya mteja, ya sikukuu ya Idi. Lakini nilisema ni sanda. Nilikuwa natania. Yule ni Mhehe, mimi ni Mngoni. Sisi ni watani."

Chumba kizima kikacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Hakimu akainua mkono.

"Muhidini, mimi nakufahamu. Tangu umekuja hapa nakuona na kanzu yako na kofia yako ya viua. Kiswahili chako cha pwani, mkeo mtu wa Kilwa. Mji mzima unakuita Mswahili. Leo ndipo umekuwa Mngoni?"

"Baba yangu alitoka Songea, akafia Kilwa. Mimi nililelewa na mjomba wangu, ndugu wa mama."

"Basi tusalimie Kingoni."

Muhidini alifungua kinywa. Alikumbuka neno moja, mawili, aliyoyasikia kwa baba yake akiwa mdogo, lakini mbele ya macho yale yote maneno hayo nayo yakamkimbia. Akainamisha kichwa. Mwanakhamisi, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na mlango, alijisikia kama yeye ndiye aliyevuliwa nguo.

Lakini hakimu hakuwa mtu mbaya. Alingoja zogo litulie, akasema, "Utani naujua. Mimi mwenyewe nimezikwa na watani wangu mara nyingi, na bado naishi. Lakini kila aliyemtishia mwenzake akija hapa na kusema alikuwa anatania, mtamfunga nani? Utani una pande mbili, na upande wa pili umelala hospitali, haujui hata jina lake. Nileteeni mtu wa kwao Kasian. Aseme yeye kama maneno haya kwao ni mchezo au ni mauti. Tutakutana tena Jumatatu."

Walipokuwa wanamtoa, Mwanakhamisi alipata nafasi ya kusema na mumewe kidogo.

"Nitakwenda Iringa," akamwambia. "Kwa mama yake."

"Umepatwa na wazimu? Utaingiaje nyumba ya mtu, umwambie mimi ni mke wa aliyemtabiria mwanao kifo?"

"Nani mwingine wa kwenda, baba Jaha?"

 Muhidini akamgusa mtoto kwenye shavu, askari akamvuta.

Mwanakhamisi aliuza vipuli vyake vya fedha, akapanda basi na Jaha mgongoni. Mvua haikuwaacha. Karibu na Chimala gari lilizama tope, abiria wakateremka kusukuma, naye akasukuma pamoja nao, tope mpaka magotini. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno yake, anayapunguza hapa, anayalainisha pale. Afadhali asitaje sanda. Afadhali aseme tu walikuwa wakicheka. Lakini basi lilipoanza kuteremka kuelekea Ipogolo, na akauona mto Ruaha Mdogo umefurika, alikata shauri asipunguze kitu. Mama huyu alikuwa na haki ya kuyasikia yote.

Hakuhangaika sana kuulizia. Nyumba ya Mama Severina, mama yake Kasian, ilikuwa chini ya kilima, hatua chache kutoka barabarani. Mlangoni palikuwa na mzigo uliofungwa tayari kwa safari, na ndani mama mmoja mnene, rozari shingoni, alikuwa akichambua maharage.

"Kamwene, mama," Mwanakhamisi akasema. Lilikuwa neno la Kihehe alilojifunza kwa Kasian.

"Kamwene, mwanangu. Pita, mvua itaua mtoto." Severina akamsogezea kiti, kiti pekee mle ndani, yeye akabaki mkekani. "Umetoka wapi?"

"Mbeya."

Mikono ya Severina ikasimama juu ya ungo. "Umeniletea msiba?"

"Hapana, mama. Yu hai. Ana homa, lakini yu hai."

Severina akafanya ishara ya msalaba, akafumba macho kitambo. Alipoyafumbua akauliza, "Sasa wewe ni nani?"

"Mimi ni mke wa... wa yule anayesemwa."

 Habari ilikuwa imekwisha kumfikia Severina kwa kinywa cha utingo wa lori: kwamba huko Mbeya Mswahili mmoja kamlisha mwanawe sumu, kisha akasimama anamcheka. Mzigo ule mlangoni ulikuwa wa kwenda kumuuguza, au kumzika.

"Kaa," akasema Severina, kwa upole mtupu. "Mgeni hatumfukuzi. Nitakupa maji, utakunywa, halafu utaniambia mume wako alikuwa anataka nini kwa mtoto wangu."

Upole huo ulimchoma Mwanakhamisi kuliko yote ya Ilomba. Hakugusa maji. Akaanza kueleza bila kupunguza. "Alimwambia hivi, mama: Kunywa, Mhehe. Hicho ndicho chako cha mwisho. Sanda nimekwisha kukata."

Alingoja kilio. Lakini Severina alikuwa amekunja uso, kama mtu anayetafuta sindano chini.

"Alimwita Mhehe?"

"Ndiyo, mama."

"Hakumwita Kasian?"

"Hajapata kumwita Kasian hata siku moja. Mimi mwenyewe hilo jina nimelisikia vizuri barazani kwa hakimu."

"Na Kasian, yeye anamwita nani mume wako?"

"Mngoni," akasema Mwanakhamisi. "Mngoni mkimbia vita."

Severina akauweka ungo chini. "Ngoja. Ngoja kwanza. Mngoni wa cherehani? Yule anashona makanzu?"

"Ndiye."

"Yule alikula asali yangu yote niliyompa Kasian Krismasi, halafu akamrudishia kibuyu kimejaa maji?"

"Ndiye, mama," Mwanakhamisi akasema kwa aibu. "Na mimi nililamba."

Severina akainuka. "Toka kwenye kiti."

 Mwanakhamisi alisimama. Severina akakivuta kile kiti, akakikalia mwenyewe, akatia mikono kiunoni.

"Hii kiti si ya mke wa Mngoni! Mngoni anakaa chini! Babu zenu walikimbia hapa mpaka ngao wakaacha, leo mimi nampa kiti, na akili yangu nzima? Wezi wa asali! Mnakuja mpaka kwangu na matope yenu! Na huyo mtoto leta hapa. Leta, nimeshamteka. Huyo ni mateka yangu."

Alimnyakua Jaha, akambana kifuani, na hapo ndipo machozi yakaanza kumtiririka mama wa watu, yanadondoka juu ya kichwa cha mtoto. "Mjinga yule wa lori," akasema, "ameniambia Mswahili. Mswahili! Angesema Mngoni tu, ningelala usingizi. Kasian alipokuja Krismasi hakuwa na hadithi nyingine. Mngoni kafanya hivi, Mngoni kasema vile. Nikamwambia, wewe umeoa huyo Mngoni au vipi? Akasema, mama, siku nisipomwona chakula hakipiti."

Mwanakhamisi alikuwa amekaa chini sakafuni, kama alivyoamriwa, tope limemkaukia miguuni, naye analia kwa sauti. Tangu mumewe achukuliwe watu wote walikuwa wamemkaribisha, wamempisha, wamemwomba samahani. Huyu ndiye mtu wa kwanza kumtukana, na lo, alihisi kama amefunikwa blanketi.

Severina alimimina ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye kikombe, akampa, kisha akakumbuka. "Aa, wewe ni Mwislamu. Basi na yako nitakunywa mimi." Akanywa. Akapangusa mdomo. "Kesho tunakwenda wote. Nataka kuona hiyo sura."

Jumatatu chumba kilijaa zaidi ya mara ya kwanza. Muhidini aliletwa, kanzu imechafuka, mashavu yameingia ndani. Tangu arudishwe ndani hakuwa amesema neno zaidi ya "ndiyo, bwana". Aliogopa ulimi wake mwenyewe.

"Mama," hakimu akamwuliza Severina, "wewe ni mzazi wa Kasian?"

"Mimi ndiye nimemzaa."

"Unamfahamu mshitakiwa?"

"Sura yake sijapata kuona."

"Sasa utashuhudia nini?"

 Severina alitembea polepole mpaka mbele ya Muhidini, akamtazama kutoka kofiani mpaka kwenye makubazi.

"Ndiyo hii?" akauliza kwa sauti ya kufika barabarani. "Hii ndiyo inasema itamzika mtoto wangu? Na mikono kama ya panzi? Mpeni jembe tuone kama anaweza kuchimba hata shimo ya panya! Bado hujafa wewe? Nimetoka Iringa na mvua yote nije kula pilau ya matanga yako, nakukuta umesimama!"

Watu walishika vinywa. Askari alisogea hatua moja, hakimu akamzuia kwa kidole. Mwanakhamisi alikuwa akimtazama mumewe tu. Aliona kichwa chake kinainuka kidogo kidogo. 

"Bibi," Muhidini akasema, sauti imemkauka, "kwanza ulete asali nyingine. Ile ya Krismasi nyuki walikuwa wengi kuliko asali."

Severina akapiga kigelegele. Akamvua kofia kichwani, akaivaa yeye juu ya kitambaa chake, akaenda kukaa kwenye benchi. "Bwana hakimu, hiyo kofia nimechukua. Mwulize kama atanishitaki."

"Sithubutu," Muhidini akasema. "Ni haki yake." Na hapo hapo akaficha uso kwa viganja, mabega yakaanza kumtikisika.

Safari hii kicheko cha chumba kilikuwa kingine kabisa. Hata hakimu alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akamwita Ezekia.

"Mzee Ezekia, uliyoyasikia siku ile yalikuwa mabaya kama haya?"

"Bwana hakimu, haya ya leo ni mabaya zaidi," Ezekia akasema, na watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. "Lakini nilisema kweli niliyoisikia."

"Ulisema kweli. Hakuna anayekulaumu. Nenda ukakae." Kisha hakimu akasema shauri limekwisha, Muhidini aende nyumbani.

Mlangoni Ezekia alimngoja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndugu yangu," akamwambia, "mimi nilifika katikati ya mazungumzo yenu. Nikadhani nimeyakuta mwanzo." Muhidini alimjibu kwamba hata yeye, angekuwa mahali pake, angekwenda polisi. Na alikuwa akisema kweli.

Kasian alikuwa amezinduka siku ile ile alfajiri, homa imeshuka. Hakuna aliyemwambia habari za polisi wala baraza. Wote wanne walikwenda moja kwa moja hospitali: Severina mbele na kofia ya viua kichwani, Mwanakhamisi na Jaha, na Muhidini nyuma kabisa, anavuta miguu kama anayekwenda kuhukumiwa mara ya pili.

Severina alimkumbatia mwanawe, akalia, akamkemea kwa kukonda. Kisha akampisha Muhidini. Naye Muhidini akasimama kwenye ncha ya kitanda. Alimtazama yule mtu ambaye yeye alimbeba mgongoni, mifupa mitupu chini ya shuka, na kila neno alilolifikiria lilimtisha. Mwishowe akafunga mikono mbele, akasema kwa adabu,

"Pole sana, ndugu yangu Kasian. Mola akuafu."

Uso wa Kasian ukabadilika. Aliyatoa macho kwa Muhidini, akayapeleka kwa mama yake, mkono unatafuta rozari shingoni.

"Mama," akanong'ona, "daktari amesema nini? Nakufa?"

"Nani amesema unakufa?"

"Mbona huyu ananiita ndugu?"

 Muhidini alikuwa amesimama, midomo inacheza, neno halitoki. Mwanakhamisi aliliona hilo. Yeye alikuwa mwanamke wa haya, hakupata hata siku moja kutia neno lake katika mchezo wa wanaume wa barazani. Akasogea kitandani.

"Wewe Mhehe," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, "kabati langu umelianza tangu Krismasi, halina mlango wala mguu wa nne. Ukitaka kufa, shauri yako. Lakini inuka kwanza umalize kabati."

Kasian akamkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, taratibu, akishika tumbo kwa mikono miwili. "Jamani," akalalamika, "nyuzi zangu. Nyuzi zitakatika."

"Nyuzi gani?" Muhidini akasema. Aliinama, akafunua shuka kidogo, akautazama mshono kwa miwani yake, kwa makini, kama mteja anayekataa suruali. "Wamekushona hivi? Mishono mipana namna hii? Na hawakupiga pasi! Ungeletwa kwangu, Mhehe, ningekutia hata mfuko."

Severina alikuwa ameshika ukuta kwa kicheko. Mwanakhamisi alimkumbatia binti yake, akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa ajili ya mama huyu, na mvua ile, na basi lile la matope, na hakimu aliyejua kungoja. Muuguzi kijana akaja mbio kutoka upande wa pili wa wodi, mkono kiunoni.

"Jamani, hii ni hospitali! Mgonjwa anataka maneno mazuri."

"Ndiyo hayo, mwanangu," Severina akasema, anajipangusa macho. "Ndiyo hayo. Tuache tumalize."